Sanduku la Mchanga Chini ya Kitanda cha Mama

Vijana wa Bweri mmeshanizoea. Mnaniona asubuhi nikienda kununua maziwa, napita njia ile ile, nakanyaga pale pale nilipokanyaga jana, na nikikuta mtu kaegesha gari kwenye njia yangu nasimama nangoja aliondoe, sipiti kwenye majani. Bodaboda wa pale kona wananiitaga Mzee Reli. Sawa, iteni tu. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya kutafuta na kuondoa mabomu kwenye mashamba ya watu huko Msumbiji, baada ya vita yao kuisha, na miguu yangu ilifundishwa jambo moja: ulipopita jana ukarudi mzima, pita hapo hapo. Mimi nimestaafu, miguu ndiyo imekataa.

Juzi vijana wa kwaya pale Kamunyonge waliniomba niwasimulie habari za kazi hiyo. Nikasimama, nikaongea dakika kumi, nikaishiwa. Mchungaji alikuwa amekaa mbele yangu kabisa, na mimi mbele ya mchungaji naongeaga kama niko polisi. Basi nimerudi nyumbani, nimeona niwaandikie.

Niwaambie mapema habari yenyewe iko wapi, msije mkachoka njiani. Nitawasimulia siku nilipokaribia kumuua mama yangu pamoja na ukoo mzima, pale Butiama, mchana kweupe, kwa sababu ya adabu. Hakuna aliyekufa, msiogope. Lakini ili mwelewe ilikuwaje lazima kwanza mumjue Dona.

Dona Amelia, yaani Bi Amelia kwa Kireno, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mmakonde wa upande wa Msumbiji, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, naye alikuwa kiongozi wa kikosi chetu. Mimi nilifika kule kama dereva wa gari la wagonjwa tu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu na hakunificha. "Wewe Wambura, Kiswahili hicho umekiazima wapi?" ananiuliza mbele za watu. Namjibu, "Mara." Anasema, "Basi karudishe." Kikosi kizima kinacheka. Nilimpenda yule mama siku ile ile.

Kila asubuhi kabla hatujavaa zile fulana nzito za kinga, Dona alikuwa anatupanga mstari na kumuuliza kila mtu maswali matatu. Umelala? Umekula? Umegombana na mtu? Ukisema umegombana na mkeo kwenye simu jana jioni, basi, leo huendi shambani, unabaki kambini unapika. Hakujali wewe ni fundi kiasi gani. Alisema mtu mwenye ugomvi kichwani mikono yake iko shambani lakini masikio yako kwa mkewe. Kuna wiki moja tulikula maharage mabichi siku nne mfululizo, maana fundi wetu bora alikuwa anagombana na mkewe kuhusu jina la mtoto. Siku ya tano tulimpigia simu yule mke sisi wenyewe, tukamwomba jamani mkubalie tu.

Na mimi nilipoingia shambani mara ya kwanza! Enzi zile tulikuwa tunapiga magoti, una mashine ya kusikiliza chuma mkono mmoja, ikilia unaiweka, unachukua chuma chembamba, unachoma udongo kwa ubavu taratibu, kidole kwa kidole. Mashine yangu ikalia. Nikaanza. Jua likapanda, jasho linaingia machoni ndani ya kile kioo cha uso, huruhusiwi kukivua, mimi nachimba tu kwa kijiko na brashi kama napiga mswaki ardhi. Kwa muda wa saa tatu na nusu nilipiga magoti pale. Nilichotoa kilikuwa ni kopo la samaki, limeandikwa bei yake mpaka inasomeka. Dona akaja, akaliangalia, akanipa mkono. "Hongera," akasema. "Umechimba kopo kama bomu. Siku utakayochimba bomu kama kopo, hatutaonana." Kopo lile lilitundikwa kwenye hema langu mpaka nilipohama kambi.

Baadaye mambo yalibadilika. Zikaja mashine za kujua ukubwa wa chuma kabla hujachimba, wakaja mbwa, wakaja na wale panya waliofundishwa Morogoro, ambao mama yangu mpaka leo haamini. Nikimwambia panya ananusa bomu anasema, "Hao wa kwangu wananusaga mahindi tu." Siku hizi wanapiga picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vizuri sana. Lakini kitu kikubwa nilichofundishwa hakina betri, na hicho ndicho nataka mkishike.

Tulifika kijiji kimoja, tukakutana na wanaume. Wanaume wakatuambia eneo la bondeni ni safi, wamelipita mara nyingi. Ramani nayo ikasema ni safi. Mimi nikawa nimeshaandika kwenye daftari: safi. Dona akaniuliza, "Umemuuliza mama wa nyumba?" Nikasema mama wa nyumba gani, tumeongea na mwenyekiti. Akanishika shati kama mtoto, akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi. Akamsalimia, akakaa chini, akapepeta naye kidogo, ndipo akamuuliza: "Bibi, kuni mnaokotaga wapi?" Bibi akaonyesha kilimani, mbali, mwendo wa saa nzima. Dona akamuuliza, "Na hapa bondeni, mbona naona kuni kavu zimejaa karibu hivi?" Bibi akamwangalia kama anamwangalia mjinga. "Kwani unadhani kwa nini zimejaa?"

Tulitoa kumi na moja kwenye bonde lile.

Tangu hapo ilikuwa ndiyo sheria yangu ya kwanza. Kuni zikiwa nyingi karibu na nyumba, jiulize. Matunda yakioza mtini na watoto wana njaa, jiulize. Njia ikizunguka bila sababu, jiulize. Na anayejua jibu ni yule anayeteka maji, anayepika, anayefagia, maana yeye ndiye hukagua eneo kila siku bila mshahara. Nilipokuwa kiongozi nikawafundisha wengine hivyo hivyo. Nimekaa na akina mama wengi sana, vijana wangu, nimepepeta mahindi ya watu mpaka nikawa na sugu, nikiuliza, mama, kuna sehemu hapa kwako hamkanyagagi? Wote walinijibu. Sijawahi kurudi mikono mitupu.

Sasa turudi nyumbani.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi, alipigana vita ya Kagera akavuka mpaka Uganda. Aliporudi aliacha jeshi, akafuga, akalima mihogo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la chuma la kijeshi lenye kufuli. Sisi watoto tuliambiwa ndani kuna nyoka. Na kweli, ukilisogeza kidogo unasikia kitu kinatambaa, shaaa. Mimi na dada yangu Nyangeta tulikuwa tunasimama mlangoni tu, tunalitazama, halafu tunakimbia mpaka zizini. Chumba kile hatukukiingia utoto wetu wote. Tulipokua tulijua hakuna nyoka anayekaa sandukuni miaka yote hiyo, lakini tulishazoea kutoingia, tukaendelea kutoingia.

Nilipomwambia baba nimepata kazi ya kuondoa mabomu, alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika bega, akasema, "Wewe? Mungu ni mkubwa." Akarudia, Mungu ni mkubwa. Nilidhani ananionea fahari.

Alifariki nikiwa kule. Nilikuja kuzika, nikakaa siku tatu, nikarudi kazini kwa sababu mvua zilikuwa zinakaribia na shamba letu lilikuwa halijaisha. Kwa ukoo wetu vitu vya marehemu havigawiwi haraka. Vinangoja mtoto wa kwanza wa kiume atulie nyumbani, aitwe, apewe kwa mkono na mdogo wa marehemu mbele ya watu wote. Basi vikaningoja. Miaka minne viliningoja.

Mama alikuwa ananipigia kwa simu ya Nyangeta. Kila akipiga, salamu kwanza, ng'ombe, mvua, nani kaoa. Halafu anasema, "Wambura, utakuja lini? Kuna kitu cha baba yako unatakiwa kuchukua." Namjibu, "Mama, nikimaliza kijiji hiki." Anasema, "Haya baba. Fanya kazi ya watu vizuri." Mwezi ujao hivyo hivyo. Mimi nilijua ni kigoda chake tu. Nilisema moyoni kigoda hakiozi.

Nyangeta naye alikuwa na malalamiko yake. Alikuwa ameachika, amerudi nyumbani na watoto wanne, na mama akawa mkali kwa wale wajukuu ajabu. Hawaruhusiwi kuingia chumbani kwake. Mvua inavuja upande wa pili, watoto wanalala wamekunjamana pembeni kama mbuzi, mama yuko peke yake kwenye chumba kikavu, kakomea mlango. Mtoto akigusa tu pazia la mlango wake, fimbo. "Mama amezeeka vibaya," Nyangeta ananiambia, analia. "Yaani hawapendi kabisa wanangu." Mimi nikamwambia mvumilie, ni uchungu wa kufiwa. Mtaalamu mzima nilisema hivyo, na nikakata simu nikaenda kumuuliza mama wa mtu mwingine kuhusu kuni.

Nikaja mwaka wa nne, likizo ya mwezi mzima. Siku ikapangwa. Ng'ombe mmoja akachinjwa, ndugu wakaja, wengine kutoka Bunda, wengine Mugango na samaki wao. Baada ya kula tukaingia sebuleni tukabanana, mimi nikakalishwa katikati, na baba mdogo Mgaya, mdogo wake baba, akaanza. Baba mdogo Mgaya ni mtu mwema, nampenda, lakini akipewa nafasi ya kusema hutamtoa mpaka kuku walale. Akatoa kigoda, akakisemea. Akatoa mkuki, akausemea. Akatoa mrija wa pombe, akausemea zaidi ya vyote. Kila kitu unapokea kwa mikono miwili, unainamisha kichwa, na hukiweki chini mpaka yeye amalize maneno yake. Ndiyo desturi. Ukiweka kabla, umemkataa baba yako.

Halafu akaingia chumbani kwa mama. Nikamsikia mama aliyekuwa amekaa karibu na mlango akiinuka, anaita, "Mgaya! Hapana! Hilo si lako, Mgaya, mwache mwenyewe aje achukue na sanduku lake!" Watu wakasema jamani, uchungu huo, mshikeni. Akina shangazi wakamshika. Baba mdogo alikuwa ameshavunja kufuli. Akatoka na kitu kimevingirishwa kwenye kipande cha blanketi la jeshi, mchanga unamwagika, akakifunua, akakiinua juu watu wakione.

"Hii," akasema, "ni tuzo ya jeshi aliyopewa kaka yangu!" Na akakitikisa.

Lilikuwa bomu la mota. Ukubwa wake kama chupa ya soda, tumbo limevimba, kutu kidogo, mkiani mapezi. Nilikuwa nimeona mengi kama lile. Sikuwa nimeona hata moja likitikiswa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo la kwenu. Nilitakiwa kusema, kwa sauti ya kawaida tu, baba mdogo, kilaze hicho hapo kwenye blanketi polepole, na ninyi wote tokeni nje. Maneno kumi na kitu. Badala yake nikaona macho ya ukoo mzima, nikaona wazee, nikaona aibu ya kukataa kitu cha baba yangu mbele ya watu ambao nilikuwa nimewangojesha miaka minne. Na baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikapokea. Mikono miwili, kichwa nimeinamisha. Mimi niliyefundisha watoto wa shule nchi nzima kuimba usiguse, usiguse, nikagusa.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikaona kitako chake. Kulikuwa na alama ndogo, kama pamegongwa na msumari. Maana yake bomu lile lilishafyatuliwa, likaenda, likaanguka, likakataa kulipuka. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu limeshaamka na hujui limebakiza nini ili lilipuke. Baba mdogo akaanza kulisemea.

Nikamwita Nyangeta kwa macho. Nikamnong'oneza, "Toa simu mfukoni mwangu, mpigie Dona, niwekee sikioni." Nyangeta ana akili, hakuuliza. Watu walimwona anahangaika na shati langu, wakadhani ananifuta jasho.

"Dona," nikasema, "nina mota, imefyatuliwa, haijalipuka."

"Iko wapi?"

"Mkononi."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

Akataja watakatifu kwa Kireno, sijui wangapi. "Wambura, nani yuko karibu?"

"Ukoo wote."

"Toa watu. Halafu lilaze juu ya kitu laini, ubavu, polepole, kama unamlaza mtoto aliyekusumbua siku nzima na hutaki aamke. Kisha ondoka na usirudi kuliangalia. Sasa huyo aliyeshika simu aende nayo. Ukipona nitakuja huko Mara kukupiga makofi kwa mkono wangu."

Kutoa watu. Rahisi kusema. Nikipiga kelele bomu, watarukiana mlangoni, watanisukuma. Nikaikumbuka desturi yenyewe. Nikangoja baba mdogo avute pumzi, nikasema, "Baba mdogo, naomba nibaki na baba yangu peke yangu. Nina maneno naye. Nawaomba wote mtoke, mwende mpaka nyuma ya yale majabali, maneno yangu ni mazito."

Nani atakataa? Baba mdogo machozi yakamlenga. "Huyu ndiye mtoto!" akasema. Wakatoka wote kwa heshima, na Nyangeta nyuma yao anawasukuma wazee kama anaswaga ndama. Nikabaki nimesimama. Nikageuka taratibu.

Mama alikuwa bado yupo. Amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshikilia pazia.

"Mama, toka."

"Sitoki."

"Mama, tafadhali. Hiki kitu ni bomu."

"Kwani mimi sijui?" akasema mama yangu. "Njoo huku. Lirudishe kwenye mchanga wake. Baba yako alikuwa analilaza ubavu, mdomo unaangalia ukuta. Angalia hapo mguuni, kuna kizingiti."

Nikaingia chumba kile kwa mara ya kwanza maishani. Mama ametangulia, ananionyesha pa kukanyaga. Sanduku lilikuwa wazi, limejaa mchanga mkavu wa ziwani, safi, umechekechwa. Katikati kuna shimo la umbo lile lile. Nikapiga magoti, nikalilaza. Kidole kimoja baada ya kingine. Lilipokaa nilisikia ule mlio wa utoto wangu, shaaa, mchanga ukijipanga. Nikamshika mama mkono tukatoka hatua kwa hatua, na tulipofika uani nikambeba. Alipiga kelele nimshushe, ananiaibisha. Sikumshusha mpaka nyuma ya majabali.

Pale ndipo nilipowaambia watu ukweli. Baba mdogo Mgaya alikaa chini, akatazama mikono yake.

Polisi walikuja jioni wakazuia njia, wanajeshi wakafika kesho yake. Kazi ikawa yao, maana huku nyumbani mimi ni raia tu, na hiyo nayo mjifunze: hata kama ulikuwa fundi kwingine, unaweka alama, unatoa taarifa, unakaa pembeni. Walilichukua na mchanga wake, wakalipeleka kwenye shimo la kuchimbia moramu ya barabara, mbali na nyumba. Tukiwa tunangoja walilipue, mama amekalia kigoda cha baba, ndipo aliponisimulia. Lilianguka kwenye handaki alilokuwa amelala baba. Halikulia. Akasema limenikataa, siwezi kuliacha. Akaja nalo ndani ya begi, kwenye meli, kati ya watu. Alipopata watoto ndipo akaanza kuliogopa. Aliogopa kulitupa, aliogopa kufungwa, na zaidi aliona aibu. Akalijazia mchanga, akatutungia nyoka. Alipokuwa anakufa alimwambia mama: asiguse mtu ila Wambura, yeye ndiye mwenye kazi hiyo.

"Miaka minne, mama," nikasema. "Umelala juu yake miaka minne."

"Nikiondoka nani atawazuia watoto?"

"Si ungeniambia! Si tulikuwa tunaongea kila mwezi!"

Mama akaniangalia. Hakukasirika. Alikuwa na uso ule wa yule bibi wa kuni.

"Ningelitaja kwenye simu ya watu, na majirani wamekaa pembeni? Nilikuambia kuna kitu cha baba yako. Hukuniuliza ni kitu gani."

Likalia. Ardhi ikatingishika, kunguru wakaruka, vumbi likapanda juu ya shimo. Lilikuwa zima kabisa. Nimesikia milio mingi kazini na sikuwahi kulia, lakini siku ile nililia mbele ya wanajeshi, mbele ya ukoo, na mama akanifuta kwa khanga yake akasema, "Basi, basi. Umemaliza na kijiji hiki."

Vijana wangu, hasa ninyi mnaookota vyuma chakavu kule Bunda na kuzungukia nyumba za watu: mkikuta chuma chenye mapezi, au chochote msichokijua, msiguse, wekeni alama, semeni. Hilo mtalisikia kwa wengi. Langu mimi ni lile la Dona. Muulize mama wa nyumba. Na uanze na wako. Muulize ni wapi hapakanyagwi, muulize kwa nini, halafu unyamaze umsikilize mpaka mwisho hata kama vocha inaisha.

Tulirudi nyumbani saa nane mchana. Mama akaenda moja kwa moja chumbani, akalivuta lile pazia akaling'oa na kamba yake. Akafungua dirisha. Wale wajukuu wanne walikuwa wamesimama mlangoni wamepangana, vidole mdomoni, hawasogei, kama mimi na Nyangeta zamani.

"Ingieni," akawaambia.

Hakuna aliyeingia. Yule mdogo akauliza, "Bibi, na nyoka?"

"Nyoka ameondoka. Mjomba wenu amemchukua." Akakaa kitandani, akapiga godoro kwa kiganja. "Haraka, kabla sijabadili mawazo."

Waliruka wote wanne kwa mpigo, na kitanda kikavunjika mguu. Nyangeta akaanza kuwafokea, mama akamwambia awaache waruke.